Gari lisilojibu salamu: kuunganisha kompyuta na teksi ya baba

Mwezi wa kumi uliopita teksi ya baba iliwasha taa ya injini na kuanza kutetemeka kila iliposimama kungoja abiria. Ni Toyota Ist ya 2003, usukani kulia, iliyotoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa barabara kupitia Zambia na Kasumbalesa hadi hapa Lubumbashi. Gari hilo ndilo linalolipa nyumba yetu ya Katuba, ada za wadogo zangu wawili, na ada yangu ya mwaka wa mwisho hapa kitivoni.

Baba alilipeleka garaji. Fundi akachomeka valizi chini ya usukani. Valizi kwa Kifaransa ni sanduku la safari, lakini katika garaji za mji huu ni chombo cha kuzungumza na kompyuta ya gari, na kompyuta yenyewe huitwa kalkilatere. Valizi ikatafuta, ikangoja, ikaonyesha kwamba hakuna mawasiliano. Fundi akajaribu mara tatu, kisha akatoa hukumu: “Kalkilatere ilishakufa.” Ya mtumba ingegharimu dola 250, nusu ilipwe kabla ya kazi.

Jioni baba alikaa mbele ya nyumba bila kuvua viatu, akaniambia kwamba itabidi achukue ile bahasha yangu, na kwamba mwezi wa pili atairudisha. Sikuwa na la kusema juu ya bahasha. Nilimuuliza jambo moja tu: gari limefikaje nyumbani?

“Nimeliendesha,” akasema. “Ungefikiri limekuja namna gani?”

Hapo ndipo nilipoanza kutia shaka, na kila msomaji wa jarida hili angeweza kutia shaka hiyo hiyo bila kujua kitu juu ya magari. Katika injini ya namna hii, kompyuta ndiyo inayoamua petroli idungwe lini na kwa kiasi gani, na ndiyo inayoamuru kila bujii itoe cheche. Ikifa, injini haiwaki kabisa. Injini ya baba ilikuwa ikiwaka, ingawa vibaya. Hata ile taa ya njano ni kompyuta iliyoiwasha. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa hai, inafanya kazi, inalalamika, ila haikumjibu aliyeiuliza. Mdogo wangu alipoanza shule aliandikwa kwenye daftari kwamba “hajui”, kwa swali aliloulizwa kwa Kifaransa, lugha ambayo siku hiyo alikuwa hajapata kuisikia nyumbani. Nilikumbuka hilo, nikamwomba baba anipe siku tatu kabla ya kutoa nusu ya pesa.

Soketi yenyewe ni rahisi kuipata. Ukiinama chini ya usukani utaona kipande cha plastiki chenye umbo la trapeza na matundu 16, safu mbili za manane. Umbo hilo lilitokana na sheria za kupambana na moshi. Jimbo la California lilitaka gari lijipime lenyewe na kusema linapochafua hewa kupita kiasi, na kuanzia magari ya mwaka 1996 Marekani nzima ilidai jambo hilo kwa kanuni moja iitwayo OBD-II. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Kanuni hiyo inataja umbo la soketi, mahali pake, na kazi ya baadhi ya matundu: namba 4 na 5 ni ardhi, namba 16 ni umeme wa betri wakati wote, namba 7 ni waya wa mazungumzo uitwao laini K, namba 6 na 14 ni jozi ya nyaya za mtindo mpya uitwao CAN. Inataja pia misimbo tunayoisikia garaji, kama P0171, ambayo maana yake ni kwamba mchanganyiko wa injini una petroli kidogo kuliko hewa inavyohitaji.

Lakini gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani miaka ile halikubanwa na sheria ya Marekani wala ya Ulaya. Mtengenezaji aliweka soketi ile ile, kwa kuwa kiwanda ni kimoja, halafu nyuma yake akaacha mazungumzo ya kwake mwenyewe. Mdomo ni ule ule, lugha ni nyingine. Valizi nyingi za bei nafuu zinajua lugha ya kanuni tu, na zikikosa jibu hazina namna ya kutofautisha mfu na mgeni.

Nilinunua adapta ya USB sokoni kwa dola 12. Ndani yake mna chipu inayojitambulisha kuwa ELM327, toleo 1.5. Wenye jina hilo walikuwa kampuni ya Kanada, ELM Electronics, ambayo haikuwahi kutoa toleo 1.5, toleo lao la kwanza halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, ndiyo maana nakala zimeenea dunia nzima. Nakala yangu ilifanya kazi. Atakayenunua aangalie tu kwamba nyingi zinazojiita 2.1 zimepunguzwa amri, na amri zinazokosekana huwa ndizo tutakazozihitaji hapa chini.

Ukichomeka adapta kwenye kompyuta, Windows huiona kama lango la mfululizo, kwangu lilikuwa COM3. Nilifungua PuTTY, programu ya bure ninayoitumia pia kwa kazi za korpasi, nikachagua aina ya mfululizo, nikaandika COM3 na kasi 38400. Dirisha jeusi likafunguka. Hakuna picha za saa wala rangi; unaandika mstari, unabonyeza Enter, unasubiri. Mimi napendelea hivyo, maana unaona kila kilichosemwa na kila kilichojibiwa. Programu zenye picha huficha hasa kile tunachotaka kukisoma.

Jumamosi asubuhi, gari likiwa uani, breki ya mkono imevutwa, nilichomeka adapta kwenye soketi, nikazungusha ufunguo hadi kontaki bila kuwasha injini. ATZ: adapta ikajitaja jina. ATRV: ikasema 12.4V, yaani inapata umeme wa betri kupitia tundu namba 16. Hadi hapo nilikuwa nazungumza na adapta, sijaligusa gari. Kisha 0100, swali la kwanza la kanuni, linalouliza “unajua kuniambia nini?” Adapta ikaandika kwamba inatafuta. Nukta, nukta, nukta. Ikaandika kwamba haikuweza kuunganika.

Jibu lile lile la valizi ya fundi. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakusema neno, akaingia ndani.

Hebu tuangalie kilichotokea katika zile sekunde za nukta, kwa sababu ni salamu iliyokataliwa. Katika laini K mazungumzo hayaanzi kwa swali. Mgeni kwanza hubisha hodi: hutuma namba moja polepole mno, biti tano kwa sekunde, hata hodi hiyo peke yake huchukua sekunde mbili. Kwa kanuni namba hiyo ni 33. (Namba zote za aina hii zimeandikwa katika mfumo wa tarakimu kumi na sita, ambao baada ya 9 huendelea A, B hadi F, kwa hiyo 13 utakayoiona baadaye ni kumi na tisa.) Gari likiitambua anwani yake hujibu 55, namba ambayo biti zake zinapishana moja-sifuri, moja-sifuri, ili mgeni apime kasi ya msemaji. Halafu hutaja maneno mawili ya kueleza ni lahaja gani itakayotumika. Mgeni hurudisha neno la pili likiwa limegeuzwa, kila sifuri imekuwa moja na kila moja imekuwa sifuri. Gari nalo hurudisha anwani ya kwanza ikiwa imegeuzwa, 33 inakuwa CC. Baada ya hapo tu ndipo swali linaruhusiwa.

Aliyekulia kwetu hahitaji maelezo marefu. Unasema hodi, unangoja karibu, unaulizwa habari za nyumbani, unazirudisha, na mambo yaliyokuleta yanabaki mfukoni mpaka zamu hizo ziishe. Maneno ya salamu hayabebi habari. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba njia iko wazi na kwamba kila mmoja anamsikia mwenzake. Tofauti ni kwamba binadamu akiamkiwa kwa lugha asiyoijua hugeuka walau akutazame. Gari likiitwa kwa anwani isiyo yake halifanyi kitu.

Kabla ya kujaribu anwani nyingine nilitaka ushahidi usiopitia kompyuta yangu hata kidogo. Toyota za kizazi hicho zina njia ya zamani ya kusema, na haihitaji kitu zaidi ya kipande cha waya. Ukitazama soketi upande mpana ukiwa juu, matundu yanahesabiwa kutoka kushoto, 1 hadi 8 juu, 9 hadi 16 chini. Ukiunganisha namba 4 na namba 13 kwa waya, kisha ukafungua kontaki bila kuwasha injini, taa ya injini huanza kumeta. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka. Namba 16, ya mwisho safu ya chini, ina umeme wa betri, na kuiunganisha na namba 4 ni kuunguza fizibo, ukiwa na bahati.

Taa ikameta mara mbili, kila mmeto kama nusu sekunde. Ikatulia sekunde moja na nusu. Ikameta mara tano. Ikatulia kwa muda mrefu zaidi, kisha ikarudia: mbili, tano. Mbili, tano. Nilimwita baba aje aone. Msimbo 25 katika orodha ya Toyota ni jamaa wa P0171 niliyoitaja juu: petroli haitoshi kwa hewa iliyopo. Kama kungekuwa hakuna kosa lolote, taa ingemeta haraka haraka bila kusita.

Walokele wa kandokando ya mto, jirani na Kisangani, walikuwa wakituma habari kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili tu, ya juu na ya chini. John Carrington, aliyeeleza ngoma hizo katika kitabu chake cha 1949, alionyesha kwamba mpigaji hatamki neno moja peke yake, kwa sababu maneno mengi yanashiriki toni zile zile. Hulizungushia kirai kirefu hadi msikilizaji asiweze kukosea. Taa ya baba ina sauti moja tu, mmeto, na inajilinda kwa vituo na kurudiarudia. Kwa njia nyembamba kama hiyo haiwezi kusema mengi. Inataja ugonjwa kwa namba mbili na kunyamaza. Na “petroli haitoshi kwa hewa” inaweza kuwa pampu dhaifu, chujio lililoziba, kihisi cha hewa kichafu, kihisi cha oksijeni kinachodanganya, au tundu linaloingiza hewa isiyohesabiwa. Msimbo ni malalamiko ya mgonjwa. Hata hivyo tayari lilithibitika jambo la dola 250: aliyekufa hahesabu mbili, tano.

Mchana nikarudi kwenye kompyuta na mistari mitano. Sikuigundua mimi, inajulikana sana kwa wanaoshughulikia Toyota za soko la Japani.

ATIB96
ATIIA13
ATSH8113F1
ATSPA4
ATSW00

Mstari wa kwanza unabadili kasi ya mazungumzo kutoka biti 10400 kwa sekunde, ambayo ni ya kanuni, kuwa 9600. Wa pili unabadili hodi: bisha kwa 13, siyo 33. Wa tatu unaweka kichwa cha kila ujumbe, nitaueleza sasa hivi. Wa nne unachagua itifaki, ile inayoanza kwa hodi ya polepole. Wa mwisho unaizuia adapta kutuma vijumbe vya “bado nipo” kila baada ya muda, ambavyo kanuni inavitaka na gari hili halivihitaji. Nikaandika 2101. Sekunde mbili za hodi, kisha OK, kisha mstari mrefu wa namba unaoanza 61 01.

Nilipiga kelele. Mama alitoka jikoni akidhani nimeshikwa na umeme.

Sasa tazama ujumbe wangu jinsi ulivyoondoka kwenye waya: 82 13 F1 21 01 A8. Hiyo ni sentensi nzima, na sisi tuliozoea kukata kitenzi cha Kiswahili vipande vipande tunaweza kuikata vilevile. 82 inasema ujumbe una baiti mbili za maana na unaelekezwa kwa mmoja maalumu. 13 ni anayeambiwa. F1 ni anayesema. 21 ndiyo kitenzi, “soma”, na 01 ni kitu kinachosomwa, ukurasa wa kwanza wa vipimo. Nafasi ni imara kama za ni-li-ku-ambia: ukibadilisha mpangilio hupati sentensi yenye lafudhi ya ajabu, hupati sentensi kabisa. Jibu hubeba kitenzi kile kile kilichonyambuliwa: 21 ukiongeza 40 ni 61, kama vile “soma” ilivyorudi “nimesoma”. Kukataa nako kuna umbo lake. Jibu likianza na 7F, gari limekuelewa ila linakataa, na baiti ya mwisho hutaja sababu. Valizi ya garaji haikupata hata 7F. Huko kungekuwa ni kujibiwa.

A8 ya mwishoni haina maana yoyote, na ipo kwa ajili ya usalama. Jumlisha zilizotangulia kwa hesabu yetu ya kawaida: 130, 19, 241, 33 na 1 ni 424, ondoa 256, inabaki 168, ambayo ni A8. Msikilizaji hufanya hesabu hiyo hiyo, na isipolingana huutupa ujumbe. Ni ule ziada wa Walokele ukiwa umebanwa ndani ya baiti moja.

Shida iliyobaki ilinifurahisha kuliko zote. Mstari wa 61 01 una baiti nyingi mfululizo, na mtengenezaji hajaeleza hadharani ni ipi inayosema nini. Nilikuwa na mtoa habari anayesema sana, katika lugha ambayo sina kamusi yake. Basi nikafanya tunavyofundishwa kufanya uwandani: badilisha jambo moja tu, acha mengine yote, tazama ni wapi kauli inabadilika. Ndiyo njia inayotuonyesha kwamba p na b ni fonimu mbili, kwa kulinganisha pata na bata.

Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, baiti moja ilisoma 40, yaani 64. Katika vipimo vya joto vya kanuni huondolewa 40 ili kupata nyuzi. Ikatoka 24, na ndiyo hali ya hewa iliyokuwa uani. Nilipowasha injini ikapanda polepole, hatua kwa hatua, mpaka karibu 130 ikatulia. Joto la maji. Nyingine ilipanda na kushuka papo hapo kila mdogo wangu alipokanyaga mafuta: mlango wa hewa. Nyingine tena ilikaa karibu na sifuri injini ilipokuwa imetulia, na mdogo wangu alipokanyaga na kushikilia ilianza kuruka juu chini, juu chini. Niliidhania kuwa kihisi cha oksijeni, kinachoonja moshi na kutoa umeme mdogo sana pale petroli inapokuwa chache. Nikachomoa waya wa kihisi hicho injini ikiwa imezimwa, nikawasha tena: baiti ile haikuruka tena. Nikaurudisha, ikaruka. Nilikuwa na maneno matatu ya lugha ya teksi ya baba, na matatu yalitosha.

Kihisi kinachoruka kwa kasi kubwa kiko hai, siyo kinachodanganya. Pampu dhaifu au chujio lililoziba huonekana zaidi injini inapodai petroli nyingi, wakati hapa injini ilipona ilipokanyagwa na kuugua ilipotulia. Mtindo huo ni wa tundu dogo baada ya mlango wa hewa. Injini inapotulia huvuta hewa kidogo, na hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya kidogo hicho. Inapokimbia huvuta nyingi, na ile ya wizi haionekani. Nikaanza kubana vibomba vya mpira kimoja kimoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, mdogo wangu akinisomea ile baiti kwa sauti kutoka kwenye kompyuta. “Sifuri. Mbili. Sifuri.” Nilipobana kibomba kinachorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa, mtetemo ukakoma, naye akaanza kutaja namba haraka hadi ulimi ukamkwama. Upande wa chini, usioonekana kwa macho, kibomba kilikuwa kimepasuka kama kidole kirefu.

“Mama, iko nasema nini?” baba akauliza. Ananiita mama tangu utotoni.

“Inasema mpira umepasuka,” nikamwambia, ingawa haikusema hivyo. Ilisema sifuri na zisizo sifuri. Mpira tuliuona sisi.

Mafanikio hayo yalinitia kiburi. Jumapili jioni nilirudi garini peke yangu kutafuta maneno mengine, kontaki imefunguliwa, injini imezimwa, na nikakaa huko saa nzima na zaidi. ATRV ingeniambia, kama ningeiuliza, kwamba betri inashuka. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri teksi haikuwaka. Baba na majirani wawili waliisukuma hadi kona, na safari za watu wa sokoni, ambazo ndizo zenye pesa, alizikosa zote. Hakunilaumu, ila alinitazama. Tangu siku hiyo ATRV ndiyo amri yangu ya kwanza na ya mwisho, na nikiona 12.0 nafunga. Kompyuta yangu nayo huitumia kwa betri yake yenyewe. Na uani lazima pawe wazi: moshi wa injini inayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa unaua bila kunusika.

Kibomba kipya kiligharimu chini ya dola 3. Kufuta msimbo kwenye gari hili hakuhitaji kompyuta; unachomoa fizibo iliyoandikwa EFI kwa dakika moja au zaidi, unairudisha. Nilifanya hivyo baada ya kubadilisha kibomba, na namshauri kila mtu asitangulize hatua hiyo. Ukifuta kabla ya kusoma umemziba mdomo shahidi pekee uliyekuwa naye. Taa haijarudi hadi ninapoandika haya.

Ile bahasha ilibaki ilipokuwa, na ada nikalipa mwezi wa kumi na moja. Baba alitaka tukamshtaki fundi. Sikuona sababu. Hakudanganya, aliamini chombo chake, na chombo chake kilisema kweli kwamba hakikujibiwa. Nilikwenda garaji mwenyewe nikamweleza, nikitarajia anicheke. Alisikiliza mikono yake ikiwa imejaa grisi, akaniuliza hodi ni ngapi, nikamwambia 13, akachana boksi la chujio la oili na kunipa kalamu niiandike mistari yote mitano. Aliibandika ukutani juu ya meza ya kazi. Kisha akanionyesha gari lililokuwa limekaa pembeni wiki ya tatu, usukani kulia, vumbi juu ya kioo.

“Na ya Nissan?” akauliza.

Sikuwa nayo. Nimeahidi kurudi Jumamosi na adapta.